Theluji Ndani ya Eda

…apa kwanza, sema wallahi hutomwambia mtu, ndivyo Bi Jawaher alivyoanza kwenye simu mwaka juzi, na aliyeapishwa hajamaliza kuapa yeye keshaitoa, kwamba wifi yake Bakhita, yumo ndani ya eda ya mumewe, hata siku arubaini hazijesha, kaonekana soko la Mawaleh anachagua maembe, na ilipofika adhuhuri nyumba saba zinajua, zote zimeapa… na kwa nini maneno yale yamrudie leo, hapa garini, mbele ya hoteli ya Qurum, na mkono wake mwenyewe uko kwenye kitasa cha mlango… maana leo ni siku yake ya tisini na mbili, miezi minne na siku kumi haijatimia tangu mumewe Hamood afe, na mjane hana matembezi, lakini nani angebaki naye nyumbani, wajukuu wameililia theluji ya hotelini wiki nzima, mwanawe Khattab akakuna kichwa, na fatwa akaitoa mama mwenyewe, mtu akikaa garini, vioo vyeusi, hashuki, huyo hakutoka, gari ni chumba chenye magurudumu, Khattab akacheka, "Hushuki lakini, mama," naye akamjibu, "Nshuke nende wapi na magoti haya?"… wameshuka wote, na Bakhita naye, kavaa viatu vya kumeta kama bi harusi, astaghfirullah, si wakati wa kusema watu… huko mbele mti wa Krismasi umesimama gizani, mrefu kuliko mtende, taa zake bado, watu wanazisubiri ziwashwe, na juu ya baraza ya hoteli mashine inatema vitu vyeupe, vinashuka, vinashuka, Muscat hii ya jasho… ndiyo hiyo, Hamood, theluji yako… miaka minne alisoma Urusi, kamwacha Unguja bi harusi wa miezi miwili, na aliporudi, kila akiulizwa ikoje alijibu lile lile, haina harufu, Jawaher, haina sauti, unalala haipo, unaamka ishafika… na ndivyo alivyoamka yeye alfajiri ile, akanyoosha mkono kumwamsha asali, akaugusa wayo wa mguu wa Hamood, baridi, baridi isiyo na mwenyewe, na tangu siku hiyo kiganja hiki cha kulia hakipati moto, kakishika juu ya chetezo, kakitia maji ya karafuu, hakisikii, na akizima taa ndara za Hamood zinajiburura ukumbini, sh, sh, mpaka mlangoni, hazigongi… kama baridi ile ndiyo theluji basi naiguswe, ajue mumewe kenda wapi, dakika moja, mwenye baibui jeusi gizani nani atamwona… na mlango umeshafunguka, mguu uko chini, magoti yanayokataa ngazi leo yanakwenda kama ya mwizi, kapita kati ya magari, kapita familia za watu, na wakimwona je, watasema Jawaher, aliyemla nyama mwenziwe kwa ajili ya maembe, leo yumo eda na yumo sikukuu ya Manasara, Khattab atauweka wapi uso wake msikitini… rudi, mwanamke, rudi… kijana wa Kikenya, kofia nyekundu, jina Fidel kifuani, anamwita chini ya mashine, "Karibu mama, simama hapa katikati, usiogope, ni povu tu," povu, kasema povu, lakini kiganja kimeshanyooka, kinaungoja ule wayo… na kilichotua hakina baridi… ni vuguvugu, chepesi, kinapasukapasuka, tena kinanukia, wewe si ulisema haina harufu, hii inanukia sabuni ya kunyolea, Ijumaa asubuhi, Hamood mbele ya kioo, taya jeupe mpaka masikioni, anageuka makusudi ambusu ampake, naye anampiga kwa kanga, watoto hao wanaona… miezi mitatu anamtafuta kwenye wayo, na mtu kumbe yuko kwenye taya… akajipaka shavu moja, akajipaka la pili, na kiganja, jamani, kiganja kina moto… na hapo ndipo yalipomjia maembe, maana Bakhita alisema, siku ile walipomkalisha kitako, alisema marehemu mumewe Taimur kila Alkhamisi alirudi kutoka Mawaleh kanukia maembe, nlikwenda kunusa tu, hata sikununua, na wao wakabinua midomo, na aliyecheka mwanzo nani, nani kama si yeye, laiti angenyamaza siku ile, laiti angemuuliza tu, ulimpata… na mti ukawaka, wote kwa mara moja, kukawa kama mchana mtupu, baibui jeusi limejaa madoa meupe toka kichwani mpaka miguuni, mashavu meupe, mkono uko juu, na duara la watu limegeuka, mjukuu wake Hind anasema, "Bibi?" Khattab kinywa wazi, simu zimeinuliwa, na katikati yao viatu vya kumeta vinakuja, vinakuja, havina haraka, vikasimama mbele yake, povu likizidi kumshukia Bi Jawaher, na Bakhita akamtazama kiganja, akamtazama mashavu, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, lakini macho yake yamejaa maji:

"Wifi, maembe yameiva?"