Gunia Tumboni mwa Meneja

Paka wa duka la nafaka la Ansbert, pale Kariakoo, alipoanza kutapika juu ya magunia, wateja walinung'unika kidogo, kisha wakaendelea kuonja karanga. Paka aliitwa Meneja, kwa sababu ndiye peke yake aliyelala kazini asifukuzwe. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Candida, mke wa Ansbert, ambaye hakuwa mtu wa kulialia, alilia. Ansbert aliwaza panya watakavyojaa, naye akakubali apelekwe kwa daktari.

Daktari Badria anatibia wanyama mtaa wa Gerezani, nyuma ya wauza spea. Akamnyoa Meneja tumbo, akampaka jeli, akapitisha kifaa cha ultrasaundi taratibu.

"Utumbo wenye afya una tabaka zinazoonekana vizuri," alisema. "Hapa zimefutika, ukuta umevimba." Akasogeza kifaa. "Na hapa kuna mtu na koleo."

Mume na mke wakainama kutazama. Kwenye kioo cha mashine, kwa rangi ya kijivu, Ansbert alikuwa stoo, anachota karanga zilizoota ukungu kutoka gunia lenye kiraka, anazichanganya na mpya. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ya stoo hii uliijua utumbo.

"Siku uliyovaa shati hilo si uliniaga unaenda kikao cha harusi ya Jovin?" Candida aliuliza.

"Nilienda. Nilichelewa tu."

"Ni kansa," alisema Badria. "Ukungu ule una sumu: panya kala karanga, yeye kala panya. Nisipolitoa gunia hili leo tutampoteza."

"Litoe, daktari," alisema Candida. "Huyu paka nampenda."

Ilibidi aitwe mpagazi, maana gunia lilikuwa zito na Badria anaumwa mgongo. Twaha alilivuta kwa pembe mpaka likatoka lote na kiraka chake, akajitwisha, akalalamika kwamba lina unyevu. Badria akashona, akanawa mikono.

"Kalichome," Candida alimwambia Twaha.

"Lipeleke dukani," alisema Ansbert. "Mali haichomwi, mama Godbless."

Twaha akalipeleka dukani, kwa sababu tajiri ni Ansbert.

Meneja alizinduka, akadai dagaa, akala. Candida alifurahi hata akacheka peke yake barabarani.

Siku chache baadaye alikuja dukani Sabaha, binti anayesaga unga wa lishe wa watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sabaha akampapasa paka pembeni ya mshono. "Pole, Meneja. Alikuwa na nini?"

"Kansa ya utumbo. Imetolewa yote."

"Mungu mkubwa. Nipimieni karanga, kama kawaida."

Ansbert alikuwa ameshamaliza kuchanganya karanga za gunia lile na mpya, koleo bado liko mkononi. Moyo ulimuuma Candida. Akamtazama mumewe, akamtazama paka, kisha akaushika mdomo wa mfuko wa Sabaha na kuupanua, ili karanga zisimwagike.