Mgongo wa Changu

Waridi, mkaanga samaki, alirudi dukani saa nne asubuhi na beseni lake, na ndani ya beseni hamkuwa na samaki bali mapande.

"Mama Joyce, changu wako wananivunjikia kwenye karai. Hawa wa baruti, wamelipuliwa majini."

Severa, ambaye Kariakoo yote ilimwita kwa jina la bintiye Joyceline, alicheka. Baruti ya wapi? Samaki wake macho maangavu, mashavu mekundu. Hivyo ndivyo Bakili mvuvi alivyomfundisha mwaka ule ruksa ilipotoka ya kila mtu kufanya biashara, yeye Severa aliposhuka kutoka Machame na friza moja, wachuuzi wa soko la samaki la Feri wakabaki kuulizana: Mchagga na samaki wapi na wapi? Bakili peke yake ndiye aliyemshika mkono. Angalia macho, mama, kisha mashavu. Miaka saba amemletea samaki, na kwa samaki hao Severa amesomesha watoto na kupanga fremu ya duka Mtaa wa Msimbazi.

"Macho yatakwambia kafa lini," Waridi alisema. "Kafa vipi, uulize mgongo."

Akachukua kisu, akampasua changu mmoja wa asubuhi ile. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika katikati, damu imevilia kandokando. Severa alimpokonya kisu. Akapasua wa pili, wa tatu, hadi wa kumi. Saba walikuwa wamevunjika migongo. Wahenga walituambia samaki mmoja akioza ndio wote. Juu ya samaki mwenye sura nzuri na mgongo mbovu hawakutuachia neno.

Na siku yenyewe ilikuwa mbaya. Saa tisa angekuja Vivek, mnunuzi wa hoteli moja ya ufukweni, kuchukua kreti sita, safari hii akiwa na karatasi. Kampuni ya Ulaya iliyokuwa ikileta wageni hotelini ilikuwa imesikia kwamba matumbawe ya pwani yetu yanalipuliwa, ikataka kila muuzaji aandike boti gani, zana gani, kisha atie sahihi. Nusu ya samaki wa Severa walikuwa wakienda hoteli hiyo. Hoteli ikiondoka, na fremu inaondoka.

Bakili alipofika mchana na kreti sita za hoteli, Severa alimwonyesha tu wale saba. Hakubisha.

"Feri nzima inajua," alisema. "Nilidhani na wewe unajua, umenyamaza kama wenzako."

"Mgongo hukunifundisha."

"Ningekufundisha mgongo, ungenunua kwangu?"

Severa alikasirika, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia. Akiandika jina la boti, Bakili anafungwa. Akiandika uongo, jina litakalokaa chini ya uongo huo ni lake yeye.

Vivek alikuja saa tisa kamili, kijana wa Kihindu asiyeonja samaki wala nyama lakini anayejua bei ya kila kinachoogelea.

"Shikamoo, Mama Joyce."

"Marahaba. Njoo uone hapa."

Vivek alimtazama mara moja tu changu aliyepasuliwa, kisha akautazama mlango.

"Mama, mfunike huyo," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimetumwa karatasi, sikutumwa kupasua samaki. Andika nyavu, weka sahihi, nipakie. Wageni wanafika kesho."

"Kumbe unajua."

"Nani hajui?"

Severa alichukua kalamu. Bakili alisimama kando ya kreti, macho yakiwa kwenye ncha ya kalamu. Mstari wa boti Severa aliuruka. Hapo ujasiri wake ulifika mwisho, na alijua. Kwenye mstari wa zana akaandika kwa herufi kubwa: BARUTI. Chini akatia sahihi yake.

Vivek alisoma, akaikunja karatasi ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni. "Hii siwezi kuipeleka, mama. Nisamehe." Akatoa nyingine mkobani, akavuka barabara hadi duka la Elibariki, muuza samaki mwenzake Severa. Waliokuwa kwa Severa walimwona Elibariki akiandika juu ya friza yake, bila kuuliza swali, bila hata kumwona samaki. Kisha Vivek akampungia Bakili mkono: lete kreti huku.

Kreti zilikuwa hazijalipiwa, samaki bado mali ya Bakili, na Bakili akaanza kuwavusha, kreti moja moja. Severa alisimama akiiona nusu ya biashara yake inavuka barabara. Bakili alipoinama kuchukua kreti ya mwisho, Severa akamuuliza.

"Bakili, samaki hawa, watoto wako wanawala?"

Bakili aliishika kreti kwa mikono miwili.

"Kwangu tunakula wa mshipi na ndoana," alisema.

Akaitupia kreti begani, akavuka.