Firigisi ya Mzee Sifuna

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa na hoteli Muthangari, chumba kimoja cha mabati, mabenchi manne na meko mawili nyuma. Wateja wangu walikuwa mafundi wa mawe waliojenga nyumba za wazungu kule Spring Valley, na wote waliletwa na mtu mmoja, nyapara wao, Mzee Sifuna. Siku niliyofungua nilikaa mpaka saa saba mchana bila kuona mteja. Ndipo akaja yeye, akala ugali na sukumawiki peke yake, akasema, "Mama Milcah, unajua kusonga." Kesho yake alikuja na watu kumi na wanane. Tangu hapo nilimshukuru moyoni kila nilipomwona, ingawa alikuwa mtu wa kununa.

Kila Jumamosi nilipika kuku, na firigisi ilikuwa yake. Kwetu Waluhya, naye ni wa kwetu, hilo halijadiliwi. Firigisi huwekewa mwenye boma, na mwingine haigusi. Sifuna hakuwahi kuiomba. Aliikuta kwenye sahani yake, akaitikia kwa kichwa, akala.

Sasa sikieni ujinga wangu. Leseni yangu ilikwama mjini, na aliyeikwamua ni Mzee Gerishon, mwenye ploti, Mkikuyu na mzee wa kanisa. Alikwenda nami ofisini mara tatu, akanisemea mpaka karani akachoka, akapiga muhuri. Jumamosi hiyo nikamwalika chakula. Nilijiuliza nitamshukuru vipi mtu kama huyu, nikachukua firigisi nikamwekea yeye. Nilidhani Sifuna ataelewa. Sikumwuliza.

Gerishon, maskini, alikuwa mmoja wa wale wazee wa Kikuyu ambao kwao kuku ni ndege tu, si nyama ya mwanamume kula. Alikula kidogo kwa adabu. Firigisi aliigeuza kwa kijiko, akaitazama vizuri, kisha akamtupia paka.

Sifuna akarudisha tonge kwenye sahani.

"Milcah, firigisi yangu umepea paka?"

"Mzee, si mimi..."

"Nimeona na macho yangu."

Akavaa kofia, akatoka. Watu wake kumi na wanane wakamfuata, wengine bado wanatafuna.

Jumatatu hakuja hata mmoja, wala Jumanne. Wiki mbili zikapita, na bila mafundi wale nilijua mwezi hautaisha kabla sijafunga. Peres, aliyenisaidia kupika, aliona hivyo pia.

"Dada, tufunge tu," akasema. "Hii ugali yote tunapikia nani?"

Nilimgombeza. Tulipika kwa sufuria ndogo, tukawauzia wapita njia wawili watatu. Nami nilikuwa na hasira kwelikweli. Mimi mjane, naamka na jogoo, halafu mtu mzima anivunjie hoteli kwa kipande cha nyama! Nilimtukana Sifuna kila asubuhi nikichochea moto. Lakini moto niliuchochea.

Hasira ilipopoa ikabaki ile siku ya kwanza, yeye peke yake mbele ya sahani. Jumamosi ya tatu nilichinja jogoo, nikamwita Peres abebe ugali, tukapanda hadi Spring Valley. Tuliwakuta mafundi wamekaa juu ya mawe, wanakula mkate mkavu. Nikaweka sahani mbele ya Sifuna, firigisi ikiwa juu.

"Mulembe, mzee," nikamsalimu. "Nilikosa. Ile hoteli uliifungua wewe, mimi nilitoa kufuli tu."

Akaitazama ile firigisi.

"Unajua tangu vita ya wazungu iishe nimerudi nyumbani mara ngapi?" akasema. "Mara mbili. Huko firigisi anakula ndugu yangu, ndiye anakaa na boma. Ni kwako tu nilikuwa nahesabiwa mtu na nyumba yake."

Nikaona haya kwa matusi yangu yote. Nilikuwa nimemwonea mtu mpweke.

"Jumatatu teleka maji ya watu kumi na tisa," akaendelea. Kisha akanisogezea sahani. "Lakini hii kula wewe. Mimi ni mgeni wako wa kwanza. Mwenye boma ni wewe."

Mafundi wakatazamana. Kwetu mwanamke hali firigisi, na mama yangu alikufa bila kuionja. Peres alinivuta leso. Nikaangalia uso wa Sifuna nione kama anatania, nikaona hatanii.

Nikaichukua, nikaitia mdomoni mbele ya wanaume wote wale. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilitafuna, nikatafuna tena, taya zikaniuma. Ilikuwa ngumu kama kiatu. Kumbe muda wote ule sikuwa naichemsha ikaiva, na kila Jumamosi mzee yule aliimaliza, akaitikia kwa kichwa, asiniambie kitu.