Kiapo cha Nguva

Tangu asubuhi Mwanafatuma alikuwa hatulii. Uani alikuwa ameshafagia mara mbili, na kwa mara ya tatu aliona haya, akaketi kibarazani kushona makuti. Hiyo ni kazi ambayo mikono yake iliijua tangu utotoni, lakini siku hiyo kila kuti lilitoka limepinda. Alifumua, akaanza upya, likapinda tena. Sababu aliijua vizuri. Kijana mmoja wa bara, aliyefikia Ukunda, alikuwa ametuma salamu kwamba angekuja adhuhuri kumhoji mumewe juu ya nguva.

Na nani aliyemwelekeza, kama si watu wa Gazi wenyewe? Mgeni akiingia kijijini akauliza habari za nguva, haonyeshwi bahari, huonyeshwa mlango wa Hashim. Kisha waliomwonyesha hutazamana, wakajitia kukohoa.

Mambo yenyewe yalikuwa ya mwaka themanini na sita. Hashim na shemeji yake Suleiman, kaka yake Mwanafatuma, walirudi na nguva jike ndani ya ngalawa, mkubwa hata walimburura watu sita. Zamani zile nyama ya nguva haikuuzwa mpaka wavuvi waape. Walikuwa wakikalishwa mlangoni mwa msikiti, mmoja mmoja, nahodha kwanza, wakaweka mkono juu ya msahafu. Kiapo kilikuwa na maneno kadhaa, lakini watu walilishika moja tu: kwamba mvuvi hakumwingilia mnyama yule. Nguva jike ana maziwa kifuani kama mwanamke, na wazee waliwajua wanaume wao.

Hashim ndiye aliyekuwa nahodha, akaitwa. Akakataa. Hakusema kwa nini, alivaa viatu vyake akaenda zake, na kwa kuwa nahodha amekataa, hakuitwa mwingine. Nyama yote ilizikwa mchangani. Kabla ya Ijumaa, Mwanafatuma, bi harusi wa miezi minne, alikuwa ameshapata mke mwenza.

Mke mwenza wa baharini! Walimtania jikoni kwenye arusi, walimtania kisimani. "Mwenzio hajambo? Leo zamu yako au yake?" Naye alicheka pamoja nao, maana angenuna wangezidisha. Kisha alirudi nyumbani akalala amempa mumewe mgongo. Alimzalia watoto, alimpikia, alimuuguza alipougua, na miaka yote hiyo hakumwuliza. Aliogopa jibu. Mimi simlaumu, wewe ungeuliza?

Aliyemliwaza alikuwa Suleiman, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa kusikilizwa. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kwa dada yake kula wali wa nazi. "Subira, dada yangu," alikuwa akimwambia, huku akijiongezea mchuzi. "Malipo yako yako kwa Mungu." Alifariki miaka minne iliyopita, na hadi leo Ijumaa ikifika Mwanafatuma hupima mchele wa mtu mmoja zaidi.

Kijana alifika kwa bodaboda, begi mgongoni, jina lake Hesbon. Alisalimia kwa adabu, hilo tusimnyime. Hashim alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuswali adhuhuri, kofia ingali kichwani. Akamkaribisha mgeni mkekani, na mgeni akatoa simu.

"Mzee, mimi nakusanya stori za viumbe wa ajabu dunia nzima," alisema. Akawaonyesha picha: joka la ziwani huko Uskochi, sokwe mtu wa milima ya theluji, dubu wa Wanandi anayekula watu ubongo.

"Hawa wote," Hashim aliuliza, "kuna aliyepata japo mfupa wao?"

"Hapana, mzee. Hata mmoja."

"Basi wetu afadhali. Wetu nilimchinja kwa mkono huu."

Hesbon alifurahi, akaisimamisha simu yake juu ya kijiti chenye miguu mitatu. Akauliza ukubwa, akauliza kama ni kweli nguva hulia machozi. Hashim alijibu yote kwa utaratibu. Mwanafatuma kule kibarazani alikuwa ameshaliacha kuti. Alijua swali lililokuwa njiani.

"Na mzee, watu huko nje wanasema ulikataa kuapa. Ilikuwaje?"

"Hilo tuliache, mwanangu," Hashim alisema. Maneno yale yale, sauti ile ile ya miaka yote.

Mwanafatuma aliinuka. Hata yeye hakujua kwamba angeinuka. Aliingia ndani, akatawadha, akarudi na msahafu umefungwa kwa leso safi, akauweka mkekani mbele ya mumewe.

"Apa sasa, Baba Yusra."

"Mama Yusra, tuna mgeni."

"Nimekaa na wageni miaka yote hii, wakinicheka. Udhu unao, umetoka msikitini sasa hivi. Kama ulifanya, sema ulifanya, nijue nilikuwa nalala na nani. Nimechoka." Akamsogezea msahafu. "Nimechoka, Hashim."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Mzee aliweka mkono juu ya msahafu.

"Wallahi, sikumgusa ila kwa kisu. Wala Suleiman hakumgusa."

Mwanafatuma alikaa chini palepale. "Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Kwa sababu kiapo hakikuishia hapo. Tulitakiwa pia tuape kwamba amenaswa kwa nyavu zetu wenyewe. Na hakunaswa kwetu. Tulimkuta katika wavu wa mzee Sanga, lile jarife lake la papa. Suleiman akasema tumtoe, Sanga yuko Msambweni, hatajua. Nami nikakubali, tulikuwa vijana. Siku ile ile ndiyo aliyokubaliwa kaka yako kufundisha madrasa. Ningeapa, nimeapa uongo, na yeye angefuata nyuma yangu. Ningesema kweli, mwalimu ni mwizi. Basi nikanyamaza. Nilidhani watasema nimeogopa tu. Sikujua watasema vile."

"Na yeye alijua wanavyosema?"

Hashim aliitikia kwa kichwa. Mwanafatuma aliziona Ijumaa zote zile, moja baada ya nyingine, na mkono wa kaka yake ukichota mchuzi. Subira, dada yangu. Alilia kwa hasira, akalia kwa kumpenda bado, na zaidi alilia kwa ajili ya mgongo aliompa mtu asiye na kosa lile.

Hesbon alikuwa ametulia kama mtoto aliyevunja sahani. "Mama," alisema taratibu, "simu ilikuwa inarekodi. Mkitaka nitafuta."

"Kata," Mwanafatuma alisema akijipangusa kwa leso. "Pale alipoapa hakumgusa paache. Habari za jarife zitoe."

"Haikatwi," Hashim alisema. "Kiapo ni kizima. Ningeweza kukikata ningekikata siku ile, nisingekuacha uchekwe. Iwe yote au isiwe kabisa. Na mimi nasema ifute, marehemu hasemwi."

Mwanafatuma aliinuka, akazunguka uani, akarudi. Alilishika kuti, akaliweka. Wanaume wawili walimtazama wakingoja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake ilitulia.

"Marehemu haombewi kwa kufichiwa," alisema. "Watoto wa Sanga wapo. Jioni tutakwenda mimi nawe tuwaombe radhi, kwa ajili yako na kwa ajili yake. Ijumaa zangu nilimpa Suleiman zote. Leo sina ya kumpa." Akamgeukia Hesbon. "Iache yote, mwanangu."

"Sawa, mama. Na wewe nikuandike vipi?"

Alikwenda mkekani akaketi kando ya mumewe, bega kwa bega, akaitazama ile simu.

"Andika Mwanafatuma, mke wa Hashim," alisema. "Uandike na hilo: mke wa pekee."