Mlango wa Don Crescencio

Ukungu ulikuwa umeilalia mizabibu kama blanketi lililolowa, na mishumaa ya waimbaji ilionekana kabla ya nyuso zao. Anselmo Villaseñor alisimama nyuma kabisa, kola ya koti imemfunika masikio, ingawa mtaa mzima ulijua ni yeye.

Ilikuwa jioni ya mwisho ya posada, siku tisa za kuelekea Krismasi. Tangu wiki iliyopita watu walikuwa wakiwasindikiza Mariamu na Yosefu, watoto wawili waliovishwa mashuka, kuomba malazi kwa majirani. Walio nje huomba kwa wimbo; mwenye nyumba hukataa kwa wimbo, hukataa tena, kisha hufungua, na wote huingia kula. Mwaka huu zamu ya mwisho ilimwangukia Don Crescencio, baba yake Anselmo.

Mlango ule haukuwa umefunguliwa kwa ajili ya Anselmo tangu mgomo wa wachuma zabibu. Mzee alibaki mnyapara wa tajiri. Mwanawe akapanda juu ya lori mbele ya wagomaji, akasoma shairi kuhusu mnyapara aliyeuza jasho la ndugu zake. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, hata wa miji ya mbali, walilihifadhi shairi lile vichwani, vijana wakaliandika kutani. Mama yake alipozikwa, Anselmo alisimama ng'ambo ya kaburi, na baba yake hakumtupia jicho.

"Mshairi," alinong'ona Doña Eduviges, jirani yao wa zamani, "umekuja kuimba au kutuandika?"

"Kuimba, mama."

"Ukituandika, mimi nipunguzie unene."

Waliosikia walicheka chini chini. Anselmo alitabasamu. Kichwani alikuwa na shairi jipya la kumwomba baba yake radhi bila kuukana mgomo. Alikusudia kulisema mbele ya wote, kwa kuwa lile la kwanza nalo lilisemwa mbele ya wote.

Wakaimba. Sauti ya mzee, kavu, ikakataa kutoka ndani. Wakaimba tena, akakataa tena. Ilipofika zamu yake ya kukubali, akarudia kukataa. Mtu mmoja akasema mzee amesahau wimbo. Wakaomba upya, naye akakataa upya. Mariamu mdogo akaanza kulia kwa baridi. Pazia la dirishani likatikisika, na watu, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Anselmo.

Alipita katikati yao hadi mlangoni. Mistari yake ilimjia yote, imepangika vizuri, na kila mmoja ulimzungumzia yeye mwenyewe. Akaiacha. Akaimba ubeti wa kuomba malazi, ule ule aliofundishwa akiwa mapajani mwa mama yake, kwa sauti iliyokwaruza na kupotea kila wimbo ulipopanda. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, mlango ulibaki umefungwa. Akaanza tena mwanzo. Safari hii Doña Eduviges akaudakia wimbo katikati, kisha wengine.

Kitasa kikalia.

Don Crescencio alikuwa mdogo wa mwili kuliko mnyapara wa kwenye shairi. Aliwaingiza watoto, akawaingiza wanawake na wanaume, akiwasalimu kwa majina. Anselmo alipobaki peke yake, mzee akaushikilia mlango.

"Lile shairi lako," alisema taratibu. "Dada yako amenisomea. Si mara moja."

Anselmo aliishusha kola ya koti.

"Hukusema kwamba nilikuwa na watoto wa kulisha."

"Sikusema, baba."

"Hayo mengine ni kweli."

Mzee aliutazama ukungu kwa muda, kana kwamba alikuwa akimtarajia mtu mwingine. Kisha akauachia mlango, akaelekea jikoni kwenye harufu ya tamale za mahindi, bila kugeuka. Huko ndani mtu alilalamika kwamba baridi inaingia.

"Mwacheni," ilisikika sauti ya Don Crescencio. "Ataufunga mwenyewe akiingia."