Nguzo ya Mlangoni

Mtoto wa fundi makochi alikuwa amekufa, ila serikali ilikuwa haijakubali.

Alifia ughaibuni, kwenye ujenzi wa ubalozi mpya wa nchi yake mwenyewe. Siku ya kumwaga zege aliteleza akatumbukia ndani ya boksi la mbao la nguzo ya mlangoni, na msimamizi hakusimamisha kazi kwa kuwa zege lilikwisha kuchanganywa. Kampuni ikaandika kwamba ametoroka. Fundi aliyajua haya kwa sababu mwanawe mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Jioni alikuwa akija nyumbani, mweupe kwa saruji, anakaa kwenye kochi la kona, mama yake anamletea chai, chai inapoa. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema tu kwamba mle ndani mnabana, na mgongo unamuuma kwa kusimama.

"Wanitoe, baba," alisema. "Nilale."

Mbunge wao alikuwa kaka wa mkewe fundi, tumbo moja. Yeye ndiye aliyempatia kijana ile kazi. Fundi naye alimpigia kampeni hadi sauti ikamkauka na makochi ya watu yakakaa uchi karakanani. Basi wakamwita, akaja, akamkuta mpwa wake kochini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimebanwa, mjomba."

Mbunge akaketi, akawaeleza maswali ya bungeni yanavyokwenda. Swali la kwanza waziri hulijibu kwa karatasi, keshaandikiwa na wataalamu wake. Lakini la nyongeza humjia papo kwa papo, hana pa kusomea.

"Hapo ndipo nitakapomkaba koo," akasema. "Je, serikali iko tayari kuivunja nguzo ya mlangoni, imtoe kijana azikwe kwao? Ndiyo au hapana. Ya tatu haipo."

"Kaka," mama akasema, "usije ukayameza hayo maneno."

"Dada, huyu ni damu yangu. Nikimwacha, ujomba wangu wa nini?"

Siku ya maswali wakaenda bungeni watatu, baba, mama na mtoto. Langoni mashine ya ukaguzi ikalia. Mlinzi akampapasa kijana mbavuni, akakuta nondo.

"Toa hivi vyuma."

"Havitoki, afande."

"Basi pita. Lakini mgeni wa bunge haongei. Hata akitajwa yeye, haongei. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kabla ya maswali Spika alitambulisha wageni, kama ilivyo desturi. Walisimama wanakwaya, wakasimama walimu wastaafu. Kisha akasema yupo mpwa wa mheshimiwa mbunge, aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi nje ya nchi. Asimame pale alipo. Kijana akasimama kule juu, kwenye roshani ya wageni. Wabunge wakapiga meza. Vumbi la saruji likawadondokea waliokaa chini yake, wakajikung'uta, wakaendelea kupiga. Waziri wa mambo ya nje aligeuka akampungia mkono.

Kisha swali likasomwa: yuko wapi kijana huyo?

Waziri akafungua karatasi yake. Akasema uhusiano na nchi ile rafiki ni mzuri, na jengo la ubalozi limefikia hatua ya rangi. Kuhusu kijana, taarifa zilizopo ni kwamba alitoroka kazini na hajulikani alipo. Serikali inaendelea kumtafuta. Aliposema hivyo aliinua macho akamtazama kijana, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, akarudi kwenye karatasi.

Kijana alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae.

Spika akamwita mbunge kwa swali la nyongeza. Mbunge akainuka, akafunga kifungo cha koti. Fundi akamshika mkewe mkono. Mbunge akasema anamshukuru Mheshimiwa Waziri kwa majibu mazuri yaliyojitosheleza, na kwamba hana swali la nyongeza. Akakaa. Kiti chake kikalia. Fundi akajua springi imechoka.

Swali lililofuata lilihusu viza za wanamichezo.

"Baba," kijana akanong'ona, "mjomba kasahau."

"Hajasahau," fundi akasema.

Mlinzi akawaonyesha kidole mdomoni.

Nje, mbunge aliwafuata kwenye ngazi.

"Shemeji, haya mambo hayataki pupa. Ubalozi unafunguliwa mwezi ujao, na mimi nimo kwenye msafara wa waziri. Nitayasema kulekule, kiutu uzima."

"Umeingia lini kwenye msafara?"

"Jana jioni."

Mama alikuwa akimkung'uta mwanawe saruji begani, kama alivyokuwa akimkung'uta chaki enzi za shule.

Kijana hakurudi nao. Linalosemwa bungeni huingia kwenye kumbukumbu rasmi, na kumbukumbu zilishasema ametoroka. Mtoro haji nyumbani jioni kunywa chai. Aliwaaga wazazi wake kwa adabu, akashuka ngazi taratibu kwa sababu ya mgongo, akapinda kona. Jioni ile kochi lilikuwa tupu, na jioni zilizofuata vilevile.

Ubalozi ulifunguliwa. Gazetini waziri anakata utepe, na nyuma yake mbunge ameegemea nguzo ya mlangoni, anatabasamu. Inasemekana nguzo ile ina joto kama mgongo wa mtu, na wafanyakazi wa ubalozi wameizoea. Asubuhi za baridi hupanga foleni kuiegemea kabla ya kuingia ofisini.

Fundi alilifungua kochi la kona akakuta saruji imeganda kwenye sponji. Hakuigusa. Alirudishia kitambaa, akapiga misumari, akapiga na hesabu ya hasara. Kochi moja, halikaliki tena. Shemeji mmoja. Mtoto mmoja, mara mbili.