Nyumba ya Kilimani

Masika yalipoangusha nyumba ya Bi Mwanabaraka kule Ruaruke, yeye na mumewe Sadala hawakulia sana. Udongo ulikuwepo, fito zilikuwepo, na nguvu kidogo zilibaki. Walihamia banda la jikoni, wakaanza kujenga upya palepale, juu ya kilima kinachotazama mto na mikoko.

Ukuta ulikuwa umefika kiunoni pale Hemedy, ofisa wa hifadhi, aliposhuka kwenye pikipiki.

"Shikamooni, wazee wangu. Hapa hapajengwi tena. Kilima kimetangazwa kuwa eneo la mandhari."

"Mandhari ndiyo nini, mwanangu?" akauliza Sadala.

"Uzuri wa kutazama, mzee. Mgeni akisimama hapa aone mto tu."

"Mbona nyumba yetu ilikuwa hapahapa?"

"Ingekuwa bado imesimama, ingeachwa. Imeanguka, na mpya hairuhusiwi."

Mwanabaraka alijifuta udongo mikononi. "Basi mmetunyang'anya shamba. Semeni hivyo, mtulipe fidia tuondoke."

"Hapana, mama. Shamba ni lenu. Ndiyo maana fidia haipo."

Sadala alikwenda Kibiti kulalamika, akajibiwa vilevile. Ukuta ukabomolewa. Moshi wa bandani ukamshika kifua mzee, hata binti yao Tatu akaja kumchukua, akampeleka kwake Dimani. Mwanabaraka alikataa kufuatana nao. Alijua wakiondoka wote, hawarudi.

Kiangazi wageni wakaja na kamera zao. Mwenyeji aliyewaongoza alimkuta Mwanabaraka anapika, akainama kumnong'oneza: "Samahani, mama, zima moto kidogo. Moshi unaharibu picha."

Alimtazama yule bwana kutoka viatuni hadi kichwani. Kisha akachukua kuni mbichi, akazisukumiza mafigani, akapuliza. Moshi mzito ukatanda kilima kizima. Wageni wakakohoa, wakakimbilia gari lao. Mwanabaraka alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

Kesho yake Hemedy alirudi. Safari hii hakuamkia. Banda nalo ni jengo, alisema, livunjwe.

 Mwanabaraka aliingia shambani akang'oa mihogo yote, mingine haijazidi unene wa kidole, akaijaza kwenye viroba bila kuacha hata shina moja, akaenda navyo kwa mumewe.

Kule Dimani, Sadala aliipokea, akaketi kuimenya. Ilikuwa michanga na michungu. Waliichemsha, wakaila hivyohivyo.